Kibao cha Babu Himyar

Jumatano, 9 Julai
Alhamdulillahi, mambo yameiva! Loveness, mtendaji wetu wa mtaa, kapita mlango kwa mlango hapa Makorora: Jumapili wakazi tukutane, tuipe njia yetu jina. Jina gani zaidi ya Himyar, babu yangu? Shangazi Shamsiya aliyenilea ni binti yake wa pekee aliye hai. Nataka alione jina la baba yake nguzoni angali anaona. Nimemwambia. Akaniuliza kama nimekula. Furaha imemzidi, maskini!
Kumbe Juzer wa duka la vifaa vya ujenzi anampigia debe bibi yake, marehemu Batulbai. Eti alitoa bomba la kisima chake nje ya ukuta, watu wachote bure. Bomba! Siku hizi njia inapewa jina kwa ajili ya bomba?

Alhamisi, 10 Julai
Nimewahi. Ernesti seremala kanichongea kibao: NJIA YA HIMYAR. Nimekipigilia nguzoni asubuhi, watu wakizoee kabla ya kura. Adhuhuri nakuta Mama Ritha kaanika kanga mbili juu yake. Nikamwambia aheshimu historia. Akajibu historia ingoje, kanga bado mbichi.
Kisha Loveness akaagiza kibao kishuke mpaka wananchi waamue. Nimekishusha. Kanga nimezikunja, nikampelekea mwenyewe.

Ijumaa, 11 Julai
Wazo limenijia katikati ya hotuba ya Ijumaa, Mungu anisamehe. Kesho namsomea Babu khitma! Mtu aliyekula pilau ya marehemu atampingaje kesho yake? Juzer naye nimemwalika. Akaumie roho hapohapo.

Jumamosi, 12 Julai
Wamejaa hadi barazani! Ila maji ya mtaa yamekatika tangu alfajiri. Mchele haujaoshwa, mpishi anafoka. Ikabidi ndoo zote ziende ukutani kwa Batulbai. Pilau imetoka, wallahi, tamu mno. Watu wakanawa kwa maji yaleyale. Maalimu akamaliza dua ya Babu, akaongeza na ya yule mama aliyetuachia maji. Amina ikatikisa nyumba. Nami nikaitikia, ningefanyaje?

Jumapili, 13 Julai
Nimehutubia vizuri sana: Babu muasisi, Babu kipenzi cha watu. Makofi kidogo. Nikamwomba Shangazi athibitishe.
Akasimama, kanishika bega. Akasema baba yake alikuwa mtu wa Pangani, mwenye minazi. Huku alikuja kuchukua kodi za vyumba tu, na siku hiyo watu walifunga milango. Yeye alipohamia hapa, mjane, ana mtoto wa marehemu kaka yake mgongoni, aliyempokea ni Batulbai. Mtoto huyo akikogeshwa pale bombani kila jioni, analia mtaa mzima unasikia.
Wote wakanigeukia! Loveness alicheka mpaka akakaa chini.
Kura: Batulbai. Mkono wa kwanza kunyooka, wa Shangazi. Njiani akaniambia nisinune. Yeye anampenda baba yake, ila angeona haya kumsahau Batulbai mbele ya watu. Alikuwa na furaha sijapata kumwona nayo. Nilijaribu kununa, nikashindwa.

Jumatatu, 14 Julai
Nimeamka na raha zangu. Nyuma ya nyumba kuna uchochoro, wanapita mbuzi tu. Hauna jina! Nimemwuliza Loveness kama na huo una mkutano. Kasema hata kwenye ramani haumo. Safi! Nimeufagia mwanzo mpaka mwisho. Uchochoro wa Qais. Jina langu fupi, linatosha popote.
Nimemwuliza Juzer, kwa upole, kama ana bibi mwingine. Anaye, lakini aliishi Dar.