Subira Ndani ya Chupa

Wapo wanaouza mahindi, na wapo wanaouza kahawa; Boazi wa Ruanda, kijiji cha jirani na Mlowo, alikusudia kuuza subira.

Wazo lilimjia Tunduma, barazani kwa Bi Mwanakombo, mchoraji wa hina, siku bibi harusi mmoja alipobandua hina yake na kuangua kilio: mikono ilikuwa na rangi ya boga.

"Nyamaza, mwanangu," alisema Bi Mwanakombo. "Hina haitaki papara. Keshokutwa itakoza yenyewe."

Keshokutwa yake Boazi, ambaye hakuwa amealikwa, alihudhuria harusi ile kwa ajili ya utafiti. Mikono ya bibi harusi ilikuwa imekoza kama buni iliyokaangwa. Boazi akasikitika kwa dhati: subira, bidhaa nzuri namna ile, ikitolewa bure!

Kwa kuwa alipenda haki, alijaribu kwanza ndimu, sukari, jivu na mafuta ya mkaratusi. Vingine vilisaidia kidogo, lakini hakuna kilichoshinda siku mbili za kungoja. Basi akauza baiskeli yake, akachemsha makapi ya kahawa ya Mlowo, akadondoshea mkaratusi ili yanuke kama hospitali, akajaza chupa sitini. Zisipotoka kabla ya Idi, angekuwa ameila hata nauli aliyobakiza, na angerudi Ruanda kwa miguu.

"Dawa ya kukoza hina! Paka mara moja, subiri siku mbili!" alinadi sokoni. "Isipokoza, nifungeni!"

"Mbona mikono yako mwenyewe mitupu, kaka?" aliuliza Raudha, muuza vitenge.

Swali lilikuwa la haki. Boazi alikwenda kwa Bi Mwanakombo, akamzawadia chupa moja, akaomba achorwe viganja. Mama yule aliinusa chupa, akatabasamu polepole.

"Nitakuchora bure, mwanangu. Maua ya kwetu Tanga."

"Yakoze hasa, mama!"

"Yatakoza. Wewe lala nayo tu."

Yakakoza. Siku ya tatu Boazi alisimama sokoni, akainua viganja kama mchungaji anayebariki usharika.

"Dada zangu, ushahidi huu hapa! Someni wenyewe!"

Raudha, aliyelelewa madrasa, alisogea, akafuata maua kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto.

"'Chupa ni kahawa baridi,'" alisoma kwa sauti. Akageukia kiganja cha pili. "'Hina ni ya Mwanakombo.'"

Kumbe maua ya Tanga yalikuwa Kiswahili safi kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo Boazi, mtoto wa mzee wa kanisa, hakuwahi kufundishwa. Kicheko kilivuka mpaka hadi Zambia bila hati ya kusafiria.

Boazi alikimbilia barazani, mikono kwapani.

"Mama, umeniua! Inafutika lini?"

"Baada ya wiki tatu. Ila dawa ya kuifuta ninayo. Ni adimu, mwanangu."

Akatoa nauli yake yote bila kuomba apunguziwe, akapokea kichupa kilichofungwa kwa gazeti.

"Naitumiaje?"

"Paka kila asubuhi. Kisha subiri wiki tatu."

Alikuwa ameshika njia ya Mlowo, kwa miguu, alipofungua gazeti na kunusa. Kahawa. Na mkaratusi kidogo.

Boazi alitazama viganja, akatazama barabara. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulipa, akapaka.