Saini Kwenye Jalada la Kaka

Jumatatu, 4 Machi
Mpiga gitaa wa bendi yetu pendwa amekufa! Redio imetangaza asubuhi, baada ya bei za saruji. Nimelia hadi nikaharibu kadi hamsini za harusi mashineni. Bosi wa kiwanda chetu cha uchapaji akauliza kama marehemu ni ndugu yangu. Nikasema ni zaidi ya ndugu. Akanipa ufagio.
Mwenyekiti wa chama cha mashabiki wa roki (tuko tisa) ameitisha maonyesho Jumapili. Kila mtu alete kitu alichosaini marehemu. Yeye ana mkanda wa gitaa, pamoja na picha ya siku uliposainiwa. Hakubali hata kidogo tuisahau. Mimi sina hata tiketi.
Ila hayati kaka yangu aliacha santuri ya bendi hiyo, jalada lina saini. Imetundikwa sebuleni kwa shemeji, kwenye fremu.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwomba shemeji kwa adabu zote. Akasema nichukue chochote cha kaka, viatu, hata suti. Jalada lile, hapana. Roho ngumu! Mvua ikaanza, akatoka mbio kuanua nguo. Nikalipiga picha jalada mara sita.

Alhamisi, 7 Machi
Nakala ya kwanza imetoka ya zambarau. Ya tatu, safi kabisa. Bosi akauliza ni nini. Nikasema ratiba ya mazishi. Akaniombea.

Jumamosi, 9 Machi
Nilijitolea kumtengenezea shemeji bomba la jikoni. Alipokwenda dukani kununua sukari, nikabadilisha jalada. Dakika nne! Bomba sasa linavuja zaidi. Akanishukuru, akanipa chai. Niliona aibu. Nikanywa vikombe viwili.

Jumapili, 10 Machi
Balaa. Mwenyekiti aliweka mkanda wake kando ya jalada langu. Saini mbili, mbingu na ardhi. Yeye ana picha, mimi nina midomo tu. Wote wakanigeukia. Mmoja akaguna.
Nikafanya uamuzi wa kiume. Nikasema kaka yangu alitapeliwa, na mimi feki siivumilii, nikalichana jalada vipande vipande mbele yao. Walipiga makofi! Mwenyekiti mwenyewe alinipa mkono. Na shemeji hajapoteza kitu: ana nakala ya feki badala ya feki.

Jumanne, 12 Machi
Shemeji ameniita. Fremu ilikuwa mezani, wazi. Kumbe kila akipangusa vumbi hulitoa jalada na kupitisha kidole juu ya saini. Kalamu ilikuwa imeacha mfereji. Nakala yangu ni laini kama kioo.
Nikamweleza kwamba ile saini ilikuwa ya uongo, kwa hiyo asisikitike.
“Najua,” akasema. “Tangu siku aliyoileta. Kaka yako alisimama siku mbili getini pa hoteli, mpiga gitaa hakutoka. Aliona haya kurudi kwangu mikono mitupu, akasaini mwenyewe. Mwandiko wa mume wangu nisiujue? Sina kingine alichoniandikia. Iko wapi, shemeji?”
Nikamwambia.
Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akanifungulia mlango, akasimama kando nipite.

Jumatano, 13 Machi
Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kwenye ukumbi wa maonyesho kutafuta vipande. Mfagiaji akasema gari la taka lilipita Jumatatu. Nilipekua pipa hata hivyo. Maganda na chupa. Nilirudi kwa shemeji kuomba radhi. Taa inawaka, redio inaongea, mlango haukufunguliwa. Nikauambia mlango pole.

Jumamosi, 16 Machi
Sijalala vizuri siku tatu. Nimejichunguza sana, nikaapa: sitaiba saini wala kughushi tena. Kuanzia leo ni halisi tu, kutoka mkononi mwa mwenyewe.
Na Mungu si mchoyo! Mwenyekiti ametuma ujumbe: mpiga ngoma wa bendi ile ile amelazwa, hali mbaya, tumwombee. Kuona wagonjwa ni saa kumi jioni. Nimenunua machungwa matatu na kalamu ya wino mzito. Nimefungasha fulana tano na jalada moja jipya, hili ni la shemeji, atafurahi. Wanasema mkono wa kulia wa mgonjwa umepooza.
Si neno. Nitamshikia.