Ghala Lenye Viti

Jumanne, 2 Agosti 1988

Nimeamua. Sirudi kwa hoteli ya Njogu. Miaka miwili natazama mpira nyuma ya nguzo, goli la kushoto silijui kabisa! Leo nimemwomba anisogeze. Akasema viti vya mbele ni vya wanaokula nyama, si vya wanaomaliza kipindi kizima na chai moja. Soko lote la Mukuyuni likacheka. Nikasimama. Nikatangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 20 watatazama mpira kwangu, bure, katika sinema ya chini ya ardhi. Njogu akaapa kwamba picha ikionekana, ataleta chapati arobaini. Isipoonekana, nguzo ni yangu mpaka nizeeke.

Televisheni ninayo. Niliipata Kibwezi kwa mbuzi wawili. Iko kwenye kibanda changu cha kutengenezea redio, imefunikwa gunia. Sebuleni haiingii: Jumamosi sebule ni ya mke wangu Mbula na akina mama wa kanisa. Basi, chini.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimechimba kwa saa mbili nyuma ya nyumba. Shimo la kumzika kuku, tena kuku mdogo. Udongo wa hapa ni tofali tayari.

Akili ikanijia. Mwethya! Kile kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi kwa zamu. Nikamwambia Mbula mbaazi zimezaa sana mwaka huu, tunahitaji ghala la chini, lenye baridi, fukusi wasilijue. Akatazama kile kishimo changu cha kuku. Akasema atazungumza na Kaluki, mwenyekiti wao. Mimi ni mtu hatari.

Jumanne, 9 Agosti

Siku mbili, akina mama ishirini na wawili, nyimbo, majembe. Shimo limekuwa darasa, na ngazi kumi na moja za kushukia. Mimi nilishika futikamba, kazi nzito kuliko inavyoonekana. Kaluki akauliza kwa nini sakafu inateremka kuelekea mbele. Nikamwambia ni ili mbaazi zipate hewa. Akasema ana miaka hamsini na hajaona mbaazi ikihema.

Nilijisikia mwizi kidogo. Nikala muthokoi sahani mbili, ikapita.

Ijumaa, 12 Agosti

Fremu! Mbao za mbili kwa mbili, ubao mmoja wa kusimama kila futi mbili, juu yake nipigilie hadibodi. Pima maji sina, natumia chupa iliyojaa nusu. Ukuta wa kwanza niliupigilia nikiwa nimeulaza uani, futi kumi na nane, umenyooka kama mstari wa daftari. Haukupita ngazini. Jirani yangu Nzuki alikuwa ameegemea ua tangu asubuhi. Akasema aliona mapema kwamba hautapita, ila hakutaka kunikatiza.

Nimeukata mara mbili. Sasa ni ukuta wa vipande vitatu, kila kimoja kimeinamia kinakotaka.

Jumatatu, 15 Agosti

Mabenchi matano, kila moja juu kidogo ya la mbele yake. Paa la mabati tayari. Betri ya gari nimeazima kwa Nzuki. Nikiwa napiga msumari wa mwisho, Mbula akashuka. Akatazama mabenchi. Akatazama ukuta.

“Baba Kasyoka,” akasema, “ghala gani liko na viti zinaangalia ukuta?”

Nikamweleza kwamba wabebaji wa magunia huchoka. Akasema ni kweli, huchoka sana, akapanda zake. Rahisi hivyo!

Alhamisi, 18 Agosti

Nimekwisha. Asubuhi Kaluki amekuja na punda sita. Ghala likichimbwa na mwethya, kila aliyechimba huweka chakula chake humo. Kila mtu Ukambani anajua. Mimi najua! Nimesahau tu, kwa sababu kichwani mwangu halikuwa ghala. Safari baada ya safari, hadi jioni: magunia thelathini na manane ya mbaazi. Mabenchi hayaonekani. Imebaki kona moja ya televisheni, na siku mbili.

Ningewaambia nini? Kwamba hili ni ghala lisilopenda mbaazi?

Jumamosi, 20 Agosti

Wanaume kumi na tano walikuja. Wakakaa juu ya magunia na kusema hawajawahi kukalia kitu kizuri hivyo. Njogu alikuja mikono mitupu. Nikawasha. Chenga! Chenga tupu, picha hakuna.

Antena iko juu ya mwanzi mrefu, na Nzuki alikuwa juu ya paa la nyumba akiigeuza. Lakini sauti ya mtu aliye shimoni haifiki paani. Nikapiga kelele mpaka nikakohoa. Mpira umeanza, watu wanaanza kuinuka. Njogu akanishika bega kwa upole.

“Kilonzo, kile kiti chako nimekipangusa vumbi.”

Hapo Mbula akatokea na akina mama wote wa mwethya. Akawapanga ngazini, mmoja kila ngazi, wapitishiane neno hadi juu. Picha ikaja, nikasema hapo! Neno likapanda akina mama kumi na mmoja, likamkuta Nzuki ameshapita. Akiirudisha, anapita tena vilevile. Mara nne! Ndipo Kaluki akaamuru Nzuki ageuze upana wa kidole kimoja, kisha ahesabu hadi kumi na tano kabla ya kugeuza tena, neno limfikie. Kidole cha tatu, picha ikatulia. Safi! Magoli yote mawili, kushoto na kulia!

Shangwe. Njogu akatuma chapati ziletwe. Nikageukia gunia langu la mbele. Kaluki alikuwa amelikalia. Nzuki naye akashuka kutazama, upepo ukaisukuma antena, chenga tena.

“Shimo ni letu na magunia ni yetu,” Mbula akasema. “Baba Kasyoka, enda ushike antena.”

Mabao matatu yalifungwa. Niliyasikia yote kupitia mabati ya ghala. Chapati walinirushia moja.

Jumatatu, 19 Septemba

Sinema imekuwa ya mwethya. Kila Jumamosi imejaa, na Njogu anauza chapati mlangoni. Mimi nina nafasi ya kudumu, paani.

Ila kutoka huku juu mtu huona mbali. Nimeona ule uwanja mtupu kando ya zizi. Jioni nimemwambia Mbula mvua za Oktoba ziko karibu, tunahitaji tangi la maji, refu, kina kifupi upande mmoja, na ngazi za kushukia. Akasema atazungumza na Kaluki kesho.

Hajashuku lolote. Natafuta kaptula ya kuogelea.