Mgongo wa Kocha Gershom

Gershom alikuwa amekunywa chai ya watu asubuhi nzima pale Garsen alipomsikia Abdia, mama muuza maziwa wa Minjila, akimlilia mwenzake. Binti yake, Darmi, yuko timu ya sarakasi shuleni, lakini mgongo umekataa. Asipopiga daraja, yaani kujipinda kinyumenyume mpaka viganja viguse chini, mashindano ya Malindi ataenda mwingine. Mtoto hali, halali.

Gershom akasogeza kiti. Bwana huyu hajawahi kuruka hata mtaro, lakini kufumba na kufumbua alikuwa kocha aliyesomea migongo Mombasa. Mgongo wa mtoto umeganda tu, alisema, na yeye ana mafuta yake. Yalikuwa mafuta ya kupikia, yametiwa karafuu ili yaheshimike. Malipo ni ng'ombe mmoja, tena yule wa maziwa, mtoto akishapinda.

Ng'ombe huyo ndiye aliyelisha nyumba ya Abdia tangu mumewe afariki. Lakini ule uso wa Darmi ulimkata maini, akakubali.

Darmi alijipaka mara moja, akanuka pilau kutwa, akayaacha. Akamfuata mwalimu wake wa michezo, akaambiwa apashe mwili joto kwanza, afungue mabega na nyonga, ndipo ajipinde polepole bila kukilazimisha kiuno. Kila asubuhi alikuwa ukutani akijinyoosha, mpaka siku moja daraja likasimama. Abdia akalia kwa furaha. Gershom naye, ambaye habari njema humfikia haraka, akaja akaondoka na ng'ombe. Hapo ndipo Darmi, aliyeficha mazoezi ili amshangaze mama, alipomweleza ukweli wa mafuta.

Sasa Gershom alikuwa mtu wa mjini, na watu wa mjini wana ujinga wao. Alidhani ng'ombe huuzwa kama simu. Pale soko la mifugo la Garsen, dalali Mahadi aliitazama chapa ya ukoo pajani mwa ng'ombe, akamtazama Gershom, akauliza nani anamdhamini. Bila mwenye chapa kusema mbele ya watu, hapa hata mkia haununuliwi.

Abdia akatokea na Darmi. Gershom alianza kutafuta njia ya kutokea. Ajabu ni kwamba mama hakupiga kelele.

"Ng'ombe ni wake," alisema. "Nimempa mwenyewe, na nyote ni mashahidi. Ameupinda mgongo wa binti yangu."

Darmi, ndani ya suruali yake ya michezo na hijabu, akapiga daraja palepale. Wafugaji wenye viuno vibovu wakaanza kuulizia mafuta. Sifa zikampanda Gershom kichwani kama pombe. Abdia akaongeza, kwa upole mwingi, kwamba kocha mwenyewe anapinda kumshinda mtoto. Mahadi akasema akilipiga hilo daraja, ng'ombe amenunuliwa.

"Pasha mwili kwanza, kocha," Darmi alimwambia, maana ni mtoto mwenye huruma.

Kocha alikuwa ameshavua koti. Akajipinda nyuma, akazidi kujipinda, kiuno kikalia kwaa! Akaanguka chali kwenye samadi, akabaki hapo akitazama mbingu, hawezi mbele wala nyuma.

Soko halikosi wataalamu. Mama Kadra, bibi anayetibu migongo kwa chuma cha moto, alikuwa ameshakichomeka chuma kwenye jiko la muuza chai. Desturi yake inajulikana: hadai kitu mpaka mgonjwa asimame, na akisimama analipa mnyama. Akaja nacho, chekundu, akiomba mgonjwa ageuzwe. Hakikumgusa. Gershom alisimama mwenyewe, wima, na kupiga hatua mbili za haraka.

"Amesimama?" Mahadi aliuliza.

Soko zima likasema amesimama.

Mama Kadra akaomba chake. Gershom akaapa hana kitu.

"Una ng'ombe," Mahadi akasema. "Tumesikia sote ni wako."

Mama Kadra akaishika kamba, akampa Abdia, mtoto wa marehemu kaka yake, amrudishe mnyama nyumbani kabla maziwa hayajamuumiza kiwele. Gershom akamtazama shangazi mtu, akamtazama mpwa mtu, akafungua mdomo. Lakini Mama Kadra alikuwa bado na chuma mkononi, na alikuwa akimuuliza kama kuna mahali pengine panapouma.

Akasema hakuna, mama, hakuna kabisa.