Mkeka Uliolala kwa Kalolaine

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Andika, Seini mkwe wangu. Andika kama ninavyosema, usinirembeshe. Shule mimi niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa nazi.

Leo nimekwenda kuutazama mkeka wangu. Kuutazama tu. Kuuchukua sina uwezo.

Mkeka wenyewe aliusuka bibi yangu mzaa mama. Majani ya mkadi, yameloweshwa baharini, yameanikwa, yamechanwa membamba kama uzi wa kushonea. Kwetu mkeka wa heshima unafungwa kiunoni, na huu ni laini hata hujui kama umevaa kitu, ila moyo ndio unajua. Pindoni una manyoya mekundu ya kasuku. Pembe moja panya alionja, mama yangu akaishona kwa uzi wa buluu. Yule panya nilimuua mwenyewe, kwa kiatu cha baba. Sio hadithi ya leo.

Ulifikaje kwa Kalolaine mkopeshaji? Kwa njia ya kanisa. Mwaka jana, siku ya sadaka kubwa, majina yakasomwa na hela zake, kama kawaida. Wifi yangu Pisila, mke wa kaka yangu, akasomwa paanga mia tatu. Kanisa zima likaguna. Mtu mzima ningefanyaje? Nikasomwa mia nne. Raha niliyoipata, hata nikifa sasa nishakula. Ila mia nne zilikuwa za Kalolaine, na mkeka ukabaki kwake rehani. Leo deni limenenepa, ni mia tano na themanini.

Jumamosi anaolewa Lesieli, binti wa kaka yangu. Mimi ndiye shangazi. Kwetu dada wa baba ndiye mkubwa, nakaa juu ya wote, hata baba mtu ananitazama kwa chini. Tena nakaa nimejifunga ule mkeka, watu wanaujua. Shangazi bila mkeka wake ni sawa na mchungaji aliyesahau suruali. Na Kalolaine kasema mwisho Ijumaa saa sita. Kuna mtu Auckland anautaka.

Basi kanifungulia chumba. Seini, mwanangu, sijapata kuona. Mikeka hadi darini. Vitambaa vya magome vimekunjwa kama magogo. Harufu ya mafuta ya nazi na vidonge vya nondo. Nikaanza kuitambua mmoja mmoja. Huu wa mkuu wa kwaya. Ule wa mke wa shemasi, aliyetuambia umepelekwa kuoshwa. Kumbe kijiji kizima kimelala mle chumbani, kimya, kimekunjwa vizuri, na sisi tunaotembea nje ni maganda. Nilisimama nikavua ndala.

Kalolaine akaniuliza nimefika kulipa au kusali.

Jumanne, tarehe 4

Nimepata akili. Tutabana matumizi.

Hela anazotuma mwanangu Maikolo, anayechuma zabibu huko Australia, anazipokea Seini mkewe. Seini anazigawa. Hii ya umeme, hii ya gesi, hii nauli ya watoto, hii ya mkate na nyama ya kopo. Mimi sipewi hata ya kuonja. Andika, Seini, usinikatie jicho.

Nikamwambia, mkate wa nini na mashelisheli yanaanguka yenyewe uani? Na umeme je, nani anaula? Nikaizunguka nyumba nikisikiliza. Anayeula ni friji. Mchana na usiku linanguruma kama mwanamume aliyeshiba. Nikalichomoa usiku wa jana, kwa siri.

Leo mchana mbavu za kondoo, sanduku zima, za kupeleka harusini, zimeanza kunuka hadi kwa jirani. Nimeokoa umeme wa paanga mbili. Nyama ilikuwa ya tisini.

Seini akachukua jembe. Alichimba shimo akafukia. Seini akinyamaza naogopa kuliko kimbunga.

Jumatano, tarehe 5

Nimemuuza Bi Mkubwa, nguruwe jike. Mosese wa kijiji cha ng'ambo ya hori kalipa mia mbili na hamsini, kamfunga kamba, kamtia garini. Bi Mkubwa kanitazama hadi kona. Nikageuza uso. Nimemlea tangu ana ukubwa wa kiatu, mwaka ule wa jivu la volkano, tulikuwa tunalala naye jikoni.

Ishirini nikanunua utepe na pafyumu. Shangazi hanuki ukata.

Seini kauliza sikukuu tutamla nani. Nikamwambia Mungu atatoa.

Alhamisi, tarehe 6

Mungu katoa.

Alfajiri, maji yamekupwa, nimekwenda ufukweni kuokota chaza. Bahari imerudi nyuma kabisa, mwamba wote uko wazi, unang'aa kama mgongo wa samaki. Nikaona kitu cheusi mbali kinakuja. Kinasimama, kinachimba, kinakula, kinakuja tena. Bi Mkubwa. Kavuka hori lote kwa miguu, juu ya mwamba, kamba shingoni, akijilia chaza njiani kama mke wa chifu anayetembelea jamaa. Jua likachomoza nyuma yake. Masikio yake yakawa mekundu, yanapitisha mwanga. Nilikaa chini kwenye maji. Nimeishi miaka sabini na kitu, sijapata kurudiwa hivyo na mtu yeyote, hata marehemu mume wangu akitoka kunywa kava.

Sasa, kitu ambacho Mungu amekirudisha kwa mkono wake ni cha nani? Ni changu. Nikamuuza mara ya pili, kwa mwenye duka, mia mbili na themanini. Atamchukua kesho.

Seini anasema huo ni wizi. Nikamwambia yeye aandike tu.

Ukijumlisha hizo mbili, ukatoa za utepe, nina mia tano na kumi. Bado sabini. Nikasema sabini si hela, Kalolaine atanipunguzia.

Ijumaa, tarehe 7

Asubuhi Mosese kaja na kamba. Mwenye duka kaja na kamba. Wote wawili uani kwangu, na Bi Mkubwa katikati, anajikuna kwenye mshelisheli.

Mosese akauliza, "Bi Toakase, huyu si nguruwe wangu?"

Mwenye duka akasema, "Wako wapi? Mimi jana nimemlipa mama."

Nikasema wanafanana. Nikasema ni pacha wake. Mosese akainua kamba iliyokuwa bado shingoni mwa Bi Mkubwa, ina fundo lake yeye, fundo la kufungia mtumbwi. Wakanitazama. Nami nikalitazama lile fundo, fundo zuri sana.

Nikarudisha za wote wawili, maana kila mmoja alisema afadhali hela kuliko kumnunua nguruwe anayepita juu ya bahari. Ishirini za utepe na pafyumu zikatoka kwenye fungu la umeme la Seini. Mosese alipokuwa anaondoka akacheka, "Mama, ukiuza nyumba nijulishe, niifunge kamba mbili."

Saa sita ikapita mimi nimekaa kizingitini. Saa nane nikaenda kwa Kalolaine mikono mitupu, nikimwomba aningojee kidogo tu. Akafungua chumba akanionyesha. Pale palipokuwa na mkeka wangu pana nafasi, pana weupe wa ukuta. Akasema umeshakombolewa na mwenye hela. Nikauliza wa Auckland? Akasema yeye hutoa mikeka, majina ya wanaoikomboa hatoi.

Nilirudi kwa njia ya makaburini. Nikamwambia bibi, nisamehe. Bibi hakunijibu. Hata alipokuwa hai alikuwa mgumu.

Jumamosi, tarehe 8. Tumeandika usiku, tumerudi sasa hivi

Nilijifunga mkeka wa kazi, ule mnene wa kulalia msibani, nikaufunika kwa utepe. Nikapanda nikakaa mahali pangu, juu. Watu wakanitazama kiunoni. Mke wa shemasi akamnong'oneza mwenzake, nikasikia, "Naona naye kaupeleka kuoshwa."

Nikatafuta pa kuyaweka macho. Nikayaweka kwenye keki. Na hapo, kusema kweli, nikapata nafuu. Keki ya ghorofa mbili. Pisila, aliyejisifu wiki sita kwamba binti yake atakatiwa ghorofa tano kutoka mjini. Mbili. Kwetu ghorofa za keki wanagawiwa wakubwa, sasa mbili atampa nani, mchungaji na nani? Nikamwambia Seini, tazama, wifi kaishiwa. Na gauni la bibi harusi nalo lilikuwa limeachiwa mshono mara mbili, limebana tumboni. Nikasema hiyo ni kazi ya kuku wa kukaanga, nilimuonya. Seini akakohoa.

Basi wakaja wanawake wa upande wa bwana harusi na zawadi. Wanakuja kwa mstari, wanaimba sauti nne, mikeka wameishika pembeni imefunguka kama matanga. Wanaweka mbele ya shangazi. Ndio desturi, kilicho bora kinawekwa kwangu. Wakaweka kitambaa cha gome kirefu kama barabara. Wakaweka mashuka. Kisha wimbo ukashuka chini chini, wakaja wawili tu, wazee, wanatembea kwa magoti, wameshika kitu kilichokunjwa.

Wakakunjua.

Manyoya mekundu. Nikahesabu pembe. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ina uzi wa buluu.

Sikusikia tena wimbo. Turubai lote lilinyamaza, au mimi niliziba masikio, sijui. Upepo uliingia kutoka baharini ukapita juu ya mkeka, na manyoya yote yakasimama kwa pamoja, kama kuku anapoitwa. Nikaona vidole vya bibi. Si kuota, Seini, andika nilivyosema. Niliona vidole vyake, viwili vimepinda kwa baridi yabisi, vinapita juu na chini, juu na chini. Nikaweka uso wangu juu yake mbele ya watu wote. Ulikuwa unanuka vidonge vya nondo.

Wakanifunga kiunoni. Mke wa shemasi akawa wa kwanza kupiga makofi.

Njiani kurudi nikasema, ajabu, watu wa bwana harusi wameununuaje kwa Kalolaine? Walijuaje? Seini akasema hawakununua wao.

Nani basi?

Akasema, "Mama, ghorofa tatu za keki zina bei gani?"

Nikasimama barabarani. Mbwa wakanizunguka. Ghorofa tatu. Wifi yangu kaziondoa kwenye keki ya mwanawe wa pekee, kakusanya na alizokuwa nazo, kaukomboa mkeka. Kisha kaupitisha kwa watu wa bwana harusi, ili nisipokee kwake, ili nipokee kama shangazi. Na alikaa pale chini siku nzima, watu wakiihesabu keki yake, na mimi nikiihesabu kuliko wote.

Na yeye nani kamwambia kwamba mkeka uko rehani?

Seini ameacha kuandika. Kalamu imesimama. Seini, andika.

Jumatatu, tarehe 10

Jana Seini kakataa kuandika, kasema kuandika ni kazi, Jumapili haifanywi, na yeye si mpagani. Sawa.

Jana kanisani maharusi walikaa mbele, mimi na mkeka wangu, Pisila kiti cha nyuma yangu. Tulipotoka nikamshika mkono. Nilitaka kusema mengi. Nikasema gauni la Lesieli lilipendeza. Akasema, "Ahsante, wifi. Na wewe ulipendeza." Basi. Macho yake hayakuwa na ushindi hata chembe. Nilitafuta. Nilitafuta kwelikweli. Mtu anatenda jambo kubwa namna ile, halafu anaenda kupakua magimbi kama hakutenda kitu. Nimelala chali usiku kucha nikilitazama jambo hilo, kama mtu anavyotazama nyota, halina mwisho.

Karibu na alfajiri nikaona hatari yake. Deni la hela linaweza kungoja. Deni la wema halingoji, linakaa shingoni kama ile kamba ya Bi Mkubwa, na kila mtu analijua fundo ni la nani. Haiwezekani Pisila anishinde kwa wema, tena kimya kimya. Nikaapa.

Asubuhi Seini alipokwenda kulipa umeme, nikaenda mjini kwa mwoka keki. Nimeagiza keki ya Pisila. Ghorofa sita. Ya juu ina njiwa wawili wa sukari. Italetwa Jumapili mlangoni pa kanisa, watu wakitoka, wote waione. Bei yake hata sitaki kuitaja, lakini Kalolaine kanipa yote bila maneno mengi. Nafasi ilikuwa bado ipo pale pale, weupe ule wa ukuta. Mkeka umeingia kama haukuwahi kutoka.

Kalolaine kaniuliza, "Bi Toakase, na safari hii utauhitaji lini?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Utahitajika siku Lesieli atakapojifungua, shangazi lazima ampokee mtoto akiwa nao kiunoni. Harusi ni juzi. Miezi tisa kamili. Nimebana matumizi, muda upo tele.

Kalolaine naye alikuwepo harusini, na lile gauni lililobana tumboni aliliona. Akauweka mkeka wangu juu ya mingine yote, karibu na mlango.

Seini, mbona unacheka?