Uzinduzi wa Chumba cha Kuziba Meno

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kinywa, wa Kamati Ndogo Zaidi ya Fizi na wa Kikosi Kazi cha Magego, ndugu zetu wanahabari mnaonipiga picha kutoka upande wa kulia ambao ndio mzuri, wazee wetu, mama zetu, shangazi na wajomba mliosimama juani kwa sababu viti vya kivulini ni vya itifaki, na mwisho, kwa umuhimu wenu, wagonjwa wa meno: hamjambo? (Hatujambo, wanajibu kwa midomo iliyobana.) Sijawasikia. Hamjambo? (Hatujambo. Mzee mmoja anashika shavu.)

Mimi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Uimarishaji wa Afya ya Kinywa, nimesimama mbele yenu katika siku hii ya kihistoria, na nikisema ya kihistoria sijisifu, nasoma tu alivyoandika katibu wangu, kuzindua Chumba cha Kuziba Meno, cha kwanza cha aina yake, na ikimpendeza Mwenyezi Mungu si cha mwisho. Mnakumbuka tulikotoka. Mtu akitoboka jino alikwenda kituo cha afya, akamkuta nesi wetu na koleo lake moja. Jino lenye tundu dogo, linang'olewa. Lenye tundu kubwa, linang'olewa. Lisilo na tundu ila limekaa jirani na lenye tundu, nalo siku nyingine lilikwenda na maji. (Vicheko vifupi.) Nilipoingia ofisini nikasema hapana, haiwezekani. Nikaunda stratejia. Baada ya stratejia tukafanya warsha ya siku tano kuhusu stratejia, baada ya warsha tukafanya semina ya kutathmini warsha, na leo natangaza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba tumefikia asilimia mia moja na nne ya lengo. Hizo nne za ziada ni meno ambayo bado hayajaota. (Makofi kutoka kivulini.)

Kwa wale ambao hawajabahatika, kuziba ni hivi: daktari anakupiga sindano ya ganzi, anakwangua uozo wote kwa mashine inayolia kama nyuki, anajaza dawa inayoganda kama jiwe, unakwenda nyumbani unatafuna mahindi. Nayajua haya kwa undani kwa sababu mimi mwenyewe nimezibwa magego matatu, ng'ambo, kwa niaba yenu. (Mtu anakohoa.)

Naona mama pale kanyoosha mkono. Mama, maswali yatapokelewa kwa maandishi, nakala tatu. Anasema ana kadi? Haya, mpeni kipaza sauti, kamera zipo.

(Mwanamke wa makamo, fundi cherehani wa kona ya soko, anapokea kipaza sauti. Futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.)

"Shikamoo, mheshimiwa."

Marahaba, mama.

"Kadi hii ya foleni ya kuziba nilipewa miezi kumi na minne iliyopita. Namba moja. Nesi aliniangalia akaniambia, mama, tundu lako ni la kupita sindano, hili ni la kuziba, usikubali waling'oe. Nikasubiri. Sasa hivi kifungo cha shati kinaingia. Upande wa kushoto sina gego hata moja, yote yaliishia kwenye lile koleo. Natafunia huku kulia tu. Leo nimefunga cherehani, nimekuja nizibwe."

Mmemsikia wenyewe. Huyu ndiye tunayemwita mdau. Mama, hongera kwa uvumilivu wako, ambao tutauingiza kwenye ripoti kama mafanikio. Panda hapa jukwaani. Kaa kwenye kiti hiki cha kisasa, kinapanda, kinashuka, kinalala. Daktari, sogea na koti lako jeupe. Usisogee sana. Mama, fungua mdomo. Zaidi kidogo. Hapo hapo. (Kamera zinamulika.)

Sasa mama akiwa amefungua, twende ukurasa wa ishirini na mbili, ambao unazungumzia utekelezaji shirikishi. Awamu ya Kwanza ni kuhamasisha jamii. Awamu ya Pili ni kuratibu uhamasishaji. Awamu ya Tatu ni kujenga uwezo wa waratibu, ambao baadhi yao ni shemeji zangu lakini walishindana na wengine kwa haki. Awamu ya Nne imegawanyika katika vipengele tisa, na cha kwanza kina utangulizi. (Dakika kumi na mbili zinapita. Fundi anafunga mdomo, anafuta mate kwa upindo wa kanga, anamgeukia mwenye koti.)

"Daktari, mbona hunipigi ganzi?"

"Nasubiri maelekezo, mama."

"Maelekezo ya nini? Tundu si unaliona?"

"Naliona. Kubwa kweli. Pole sana, mama yangu."

"Na mashine iko wapi?"

Mama, mashine ni suala la kitaalamu, lipo kwenye mchakato, na mchakato ukisukumwa unakasirika. Nani tena amesimama kule nyuma? Ah, nesi wetu. Keti, nesi.

"Mheshimiwa, hata pamba imeisha. Nimeandika barua sita. Huyu mama huja kwangu kila mwezi kuuliza, nami namwambia subiri. Naona aibu kumwangalia usoni."

Barua zako zilipokelewa, nesi, zikafunguliwa faili zuri, na tangu siku hiyo hakuna mkono mchafu uliolishika. (Minong'ono.) Muda hautoshi. Tukate utepe. Itifaki, mkasi. Mkasi uko wapi? Kamati nzima ya watu kumi na saba, hakuna aliyekumbuka mkasi? Mama, wewe ni fundi, naona mpini unachungulia kwenye mkoba wako. Tuazime.

(Fundi anashuka kitini. Anaufunga mkoba.)

"Mkasi wangu una kazi, mheshimiwa. Mimi uzi nilikuwa nakata kwa meno. Wewe yako yamezibwa, huo utepe si mgumu."

(Watu wanacheka, wengine wakishika mashavu. Fundi hacheki. Anakwenda hadi alipo nesi, anampa ile kadi.)

"Twende mwanangu, ukaling'oe. Nimechoka nalo."

"Mama, ukilitoa hilo utatafunia wapi?"

"Nitakunywa uji. Twende."

(Nesi anamshika mkono. Wanatoka kupitia katikati ya watu, na watu wanawapisha.)

Mnaona wananchi wanavyochangamkia huduma. Kabla hawajatawanyika wote, kaulimbiu. Nikisema Tundu, mnajibu Limezibwa. Tundu. (Kimya.) Tundu. (Limezibwa, kivulini peke yake.) Kinywa safi? (Maendeleo safi, anajibu Makamu Mwenyekiti.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru kinyozi wa mtaa wa pili kwa kutuazima kiti, ambacho anakitaka kabla ya saa kumi kwa kuwa ana wateja. Namshukuru mwalimu mkuu kwa darasa hili, na namhakikishia kwamba kibao cha mlangoni tutakibandua leo hii ili kesho watoto waingie kama kawaida. Nawashukuru wafadhili, ambao tutawaandikia mwezi ujao kuwauliza kama wangependa kuwa wafadhili. Na kwa namna ya pekee namshukuru daktari wetu, aliyesimama imara tangu asubuhi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Dereva, vua koti, lete gari.