Nusu Sentensi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Daktari anasema moyo wangu umetanuka. Nikamuuliza umetanukia wapi, mbona kifua ni kilekile? Hakucheka. Ameniambia nipange mambo ya nyumbani mapema. Daktari akisema mapema, mgonjwa amechelewa.

Jambo la nyumbani ni moja: Akelo, mke wangu. Tangu kiharusi cha mwaka jana amepoteza Kiswahili. Chote! Na Kisukuma alichojifunza kwa kugombana na mama yangu, nacho kimekwenda. Kimebaki Kijaluo cha utoto wake kule Shirati. Nami, Mwalimu Machibya, niliyefundisha Kiswahili hadi nikastaafu, sijui Kijaluo hata cha kuombea maji. Nikimwambia kwamba nakufa ananiletea kikombe.

Lazima ajue kwamba nikifa, binti yetu Sabina atamchukua aende akaishi naye Sengerema. Asije akaamka akakuta uani kumejaa watu wanaolia na hakuna wa kumweleza. Sentensi moja tu. Nitajifunza na nitamwambia kwa mdomo wangu.

Opiyo asijue! Opiyo ni fundi cherehani wa Mkuyuni, Mjaluo, huja kila jioni kupiga soga na mke wangu. Wanacheka mpaka Akelo anajifuta machozi. Mimi nakaa palepale sebuleni kwangu kama mgeni aliyekosea nyumba. Halafu anasema "sikamoo". Nimemsahihisha tangu ahamie hapa. Bado "sikamoo".

Jumatano, 5 Februari

Kazi imeanza. Nimelaza Biblia ya Akelo ya Kijaluo kando ya yangu ya Kiswahili, nalinganisha mstari kwa mstari. Kanuni ni ileile niliyowapa wanafunzi: maneno ishirini asubuhi, kuyakariri kwa sauti, mtihani jioni.

Jioni nimejitahini. Nimepata matatu. Mojawapo ni "Amina".

Ajabu ya kichwa hiki! Ya chuo cha ualimu yamo yote, hadi jina la mbwa wa mkuu wa chuo. Ya saa tatu asubuhi hayafiki saa nne. Zamani nilisoma mara moja, yakakaa, nikaenda kula. Sasa nasoma mara kumi, nalala, naamka nikiwa nimesahau hata kwamba nilisoma, ila nina miwani puani.

Ijumaa, 7 Februari

Mbinu mpya. Nimebandika karatasi zenye majina ya Kijaluo kwenye kabati, mlango, meza na sufuria. Akelo amepita nyuma yangu akizibandua zote. Nadhani alifikiri ni uchafu. Ile ya sufuria ilipikwa.

Mchana nikajaribu sentensi yangu ya kwanza. Nilitaka kumwambia nina njaa. Wajaluo wanasema njaa inaniuma. Nikasimama wima, nikatamka: "Kich kaya."

Akelo akaruka! Akavua kanga ya mabegani, akaanza kunipiga nayo shingoni, mgongoni, kichwani. Akanifungua vifungo, akapekua kola, akanipuliza sikioni. Nikasikia mtu anacheka mlangoni hadi anashikilia fremu. Opiyo, bila shaka.

"Mwalimu, umemwambia nyuki anakuuma! Njaa ni *kech*. *Kich* ni nyuki!"

Irabu moja! Nimewakata wanafunzi maksi kwa chini ya hapo. Lakini niandike ukweli, kwa kuwa sina muda wa kuandika mengine: mikono ya Akelo ilikuwa shingoni kwangu, na tangu augue hakuwa amenigusa hivyo. Niliomba asigundue kwamba nyuki hayupo.

Jumapili, 9 Februari

Siri imevuja, ikabidi nimweleze Opiyo. Akasema kitu cha kuniudhi. Alisema mtoto hajifunzi maneno, mtoto anataka maziwa. Yaani niweke vitabu chini, nikae na Akelo jikoni, tumenye viazi, niombe kisu, niombe chumvi, nikosee, anicheke. Nikamjibu kwamba maziwa daktari amenikataza.

Akajitolea amweleze Akelo yeye mwenyewe, taratibu, kwa namna yao, maana kifo hakitajwi hivihivi kama bei ya dagaa. Nikakataa. Mke ni wa nani? Nilimtaka tu anipe sentensi. Akanipa: *Ka asetho, dhi kod Sabina.* Nikifa, nenda na Sabina.

Nikamshukuru, halafu nikamwambia asije wiki hii, kwamba Mama Sabina anahitaji kupumzika. Uongo. Nimefikiri akinisikia mimi peke yangu atanizoea. Opiyo akaniangalia, akasema, "Sawa, Mwalimu," akavaa kofia yake.

Jioni Akelo amekaa dirishani akitazama njia. Nimemwambia habari za Mafarisayo, Kijaluo pekee nilichokumbuka kutoka kwenye Biblia. Hakugeuka.

Jumanne, 11 Februari

Sentensi inakataa kukaa. Nimeikariri nikitembea, miguu imevimba. Nimeikariri nimelala, nikalala kweli. Nimeitia kwenye wimbo wa kanisani. Inatoka vizuri kabisa, ila kwa kuimba tu, na huwezi kumwimbia mke wako kifo chako kwa sauti ya pili.

Nimegundua jambo: mkia unabaki, kichwa kinateleza. *Dhi kod Sabina* naitamka kama nimezaliwa Shirati. Mwanzo ndio unaniponyoka. Si neno, mwanzo utakuja wenyewe.

Akelo hasemi tena na mtu. Hana wa kusema naye. Alhamisi Sabina anakuja kutuona.

Alhamisi, 13 Februari

NIMEFAULU!

Sabina alikuwa amekaa hapa, Akelo pale. Nikasimama, nikashika meza. Moyo uliotanuka ukanigonga mbavu. Nikasema. Akelo akaniangalia usoni, akauliza kitu. Nikarudia, kwa sauti zaidi, nikimwonyesha binti yetu kwa kidole. Matamshi safi!

Ameelewa! Baada ya mwaka mzima mke wangu ameelewa neno nililosema. Akainuka polepole, akaingia chumbani, akatoka na kanga zake kazifunga furushi. Akamshika Sabina mkono. Sabina, ambaye Kijaluo hajui kwa kuwa nilimlea kwa Kiswahili changu, akaniuliza, "Baba, umemwambia nini?" Nikamwambia ni mambo ya wazee. Tukajaribu kumrudisha kitini, akagoma. Mwisho Sabina akasema, "Acha akatembee kwangu siku chache, atatulia," wakaenda kupanda kivuko.

Hakugeuka mlangoni. Nadhani ni furaha.

Nyumba kimya. Nimekula ugali uliopoa.

Jumapili, 16 Februari

Sabina amepiga simu asubuhi. Mama hali chakula. Anasimama nyuma ya nyumba ameelekea ziwani, anarudia maneno yaleyale. Nikamwita Opiyo, nikapiga tena, nikamwekea simu sikioni amsikilize Akelo. Akasikiliza. Akakata simu.

Akaniuliza nilimwambiaje. Nikasema: *Dhi kod Sabina.* Akasubiri. Nikamuuliza anasubiri nini.

"Na *ka asetho* iko wapi, Mwalimu?"

Sikuwa nayo. Sikuwa nayo hata siku ile.

"Basi umemfukuza," akasema. "Mwanaume akisimama mbele ya mtoto akamwambia mke wake nenda, kwetu amemfukuza. Anauliza amekukosea nini uzeeni huku."

Nikakaa. Opiyo akachutama mbele yangu, akasema si kazi kubwa, ni neno moja tu, *duogi*, rudi. Akatoa simu yake, tumpigie sasa hivi. Kama siwezi, atamwambia yeye, jioni Mama yuko hapa.

Nikamrudishia simu mfukoni. Nilimwambia hapana. Tumefika hapa kwa sababu ya kujifunza vipande vipande, kwa haraka, kama watu wanaodandia lori. Sitarudia kosa hilo. Mke wangu nitamwita mimi mwenyewe, kwa Kijaluo kamili, chenye msingi. Tutaanza mwanzo kabisa, na ngeli za nomino.

Opiyo akasema Kijaluo hakina ngeli.

Nikamwambia hakuna aliyezitafuta vizuri.